Nani akujazie ritani ya kodi Marekani: njia nne zikilinganishwa

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi tarehe 15 Aprili, Waswahili wanaoishi na kufanya kazi Marekani huulizana swali lile lile: nijaze mwenyewe ritani (taarifa ya mwaka ya mapato na kodi), niende kwa watu wa kujitolea, nimlipe yule anayewajazia wenzangu, au nitafute mtaalamu mwenye leseni? Wengi huamua kwa kuangalia ada wanayotozwa na ukubwa wa marejesho (fedha za kodi zinazorudishwa) wanayoahidiwa. Vipimo hivyo viwili ndivyo vinavyowaponza watu, kwa sababu havisemi lolote kuhusu siku ambayo barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, itafika nyumbani, pengine miaka miwili baada ya fedha za marejesho kwisha kutumika.

Vigezo

Nimetumia vigezo vitano, navyo ni vile vile kwa kila njia. Cha kwanza ni ujuzi wa anayejaza, na kama kuna aliyewahi kuupima. Cha pili ni uwajibikaji, yaani sheria inamdai nini ritani ikiwa na kosa. Cha tatu ni kinachofuata barua ikija: je, anaruhusiwa kuzungumza na IRS kwa niaba yako? Cha nne ni gharama. Cha tano ni mambo ya nyumbani: akaunti ya benki iliyobaki Nairobi, nyumba ya kupangisha iliyoko Arusha, wazazi wanaotumiwa fedha kila mwezi. Marekani haina mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili na Kenya, Tanzania wala Uganda, na anayehesabiwa kuwa mkaazi kwa sheria za kodi hutakiwa kutangaza mapato yake ya dunia nzima. Kwa wengi wetu, basi, kigezo hiki cha mwisho ndicho kinachoamua.

Wajibu usiohama

Kabla ya kulinganisha, kuna jambo moja lisilobadilika kwa njia yoyote utakayoichagua. Fungua Fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, ukurasa wa 2, uteremke hadi chini kabisa. Hapo pana sehemu mbili za saini. Juu ya sehemu yako kuna tamko, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba umeikagua ritani pamoja na majedwali yake, na kwamba kadiri unavyojua na kuamini ni ya kweli, sahihi na kamili. Sentensi inayofuata inamhusu mtayarishaji, nayo ni nyembamba zaidi: inasema kwamba tamko lake linategemea taarifa zote anazozifahamu. Ukizisoma sentensi hizo mbili kwa pamoja utaona sheria imeuweka wapi mzigo. Wewe unaapa kuhusu ukweli wenyewe, naye anaapa kuhusu kile alichokijua.

Mahakama Kuu ya Marekani ililieleza jambo hili bila kuzungusha mwaka 1985 katika kesi ya Boyle, ambapo ritani ya kodi ya mirathi ilichelewa miezi mitatu kwa sababu wakili aliyekabidhiwa kazi alisahau kuiandika tarehe katika kalenda yake. Mahakama iliamua kwamba kumtegemea mtu mwingine awasilishe kwa wakati si udhuru wa kuchelewa, kwa kuwa tarehe ya mwisho haihitaji utaalamu wowote kuijua. Adhabu ya kuchelewa kuwasilisha ni asilimia 5 ya kodi inayodaiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, hadi asilimia 25, na ya kuchelewa kulipa ni nusu asilimia kwa mwezi. Fomu 4868, ya kuomba muda zaidi, husogeza tarehe ya kuwasilisha hadi 15 Oktoba, lakini haisogezi tarehe ya kulipa.

Kumtegemea mtaalamu huweza kukukinga dhidi ya adhabu nyingine, ile ya asilimia 20 inayotozwa kwa kodi iliyopunguzwa kwa uzembe, lakini kwa masharti. Mahakama ya Kodi iliyaweka wazi mwaka 2000: mshauri awe na uwezo wa kutosha kuaminiwa, uwe umempa taarifa zote muhimu na sahihi, na uwe kweli umeufuata ushauri wake kwa nia njema. Aliyemficha mtayarishaji mapato ya nyumba ya kupangisha hawezi kujificha nyuma yake.

Njia ya kwanza: kujaza mwenyewe kwa programu

Ujuzi. Ujuzi hapa ni wako. Programu hukokotoa vizuri kuliko binadamu yeyote, ila haijui ulichokiacha. Mfano ulio karibu ni Jedwali B, sehemu ya 3, panapoulizwa kama ulikuwa na akaunti ya fedha katika nchi ya nje au mamlaka ya kutia saini katika akaunti ya aina hiyo. Ndani ya programu swali hili huja miongoni mwa maswali mengi ya kubofya ndiyo au hapana, na mtu aliyechoka saa nne usiku hubofya hapana na kuendelea, huku akiwa mmoja wa watia saini watatu wa akaunti ya chama cha familia.

Uwajibikaji. Wote ni wako. Kosa la kuingiza tarakimu au kuchagua hadhi isiyo yako (mseja, mwenye ndoa au mkuu wa kaya) halina wa kugawana naye.

Barua ikija. Utaijibu mwenyewe, ingawa hakuna kinachokuzuia kumwajiri mtaalamu wakati huo. Kwa barua nyepesi, kama ile ya fomu 1099 (ya mapato yasiyo ya mshahara) iliyosahaulika, wengi huweza kujibu bila msaada.

Gharama. Mpango wa Free File, uliopo tangu 2003, huruhusu matumizi ya bure ya programu za kampuni kwa wenye kipato kisichozidi kiwango kinachotangazwa kila msimu; katika msimu wa 2025 kilikuwa dola 84,000. Ingia kupitia tovuti ya IRS yenyewe, kwa sababu ukienda moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni unaweza kujikuta katika toleo la kulipia. Mfumo wa serikali wa Direct File, uliojaribiwa kwa mara ya kwanza 2024, haupo katika msimu wa 2026. Kumbuka pia ritani ya jimbo: mkaazi wa Texas hana kodi ya mapato ya jimbo, wa Minnesota anayo.

Mambo ya nyumbani. Programu nyingi zina nafasi ya mapato ya nje, lakini hazikuongozi kuyatambua. Ripoti ya akaunti za nje, FBAR, haiendi hata kidogo na Fomu 1040; hupelekwa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha kinachofuatilia uhalifu wa kifedha, kwa mfumo wake.

Anayefaa. Mwajiriwa mwenye W-2 (fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri) moja au mbili, anayesoma Kiingereza cha fomu bila taabu, asiye na mali wala akaunti kubwa nje ya Marekani.

Njia ya pili: watu wa kujitolea wa VITA

Ujuzi. VITA, mpango wa IRS wa kuwajazia watu ritani bure, ulianza 1969, nao hutoa huduma katika maktaba, vyuo na vituo vya jamii. Wanaojitolea hufanya mitihani ya IRS kabla ya kuruhusiwa kujaza, na kila ritani hupitiwa na mtu wa pili kabla ya kuwasilishwa. Hatua hiyo ya mtu wa pili naithamini sana, kwa sababu ofisi nyingi za kulipia hazina.

Uwajibikaji. Kwa kuwa halipwi, anayejitolea si mtayarishaji wa kulipwa kisheria, na zile adhabu za watayarishaji hazimgusi. Usilione hilo kuwa dosari. Lichukue kama sababu ya kuisoma ritani yako mwenyewe kabla ya kusaini.

Barua ikija. Hawakuwakilishi. Vituo vingine husaidia kurekebisha ritani, lakini vingi hufungwa baada ya Aprili.

Gharama. Bure. Huduma imekusudiwa watu wa kipato cha chini na cha kati, wenye ulemavu, na wasiozungumza Kiingereza vizuri. Wenye miaka 60 na zaidi wana mpango mwingine unaofanana nao, uitwao TCE.

Mambo ya nyumbani. Hapa ndipo mipaka yao inapoonekana. Kwa kawaida hawapokei ritani zenye mapato ya nyumba ya kupangisha, wala hawashughulikii FBAR. Atakayekwambia "hili liko nje ya uwezo wetu" amekutendea haki.

Anayefaa. Familia yenye watoto na mshahara wa kawaida, mgeni aliyefika karibuni, mzee anayeishi na wanawe.

Njia ya tatu: mtayarishaji wa kulipwa asiye na leseni ya kitaaluma

Hawa ndio wengi katika jamii zetu, nami nataka kuwatendea haki. Miongoni mwao wamo watu waaminifu wanaoifahamu kazi, wanaozungumza lugha yetu, na wanaopokea wateja jioni baada ya zamu.

Ujuzi. Serikali kuu haiwapimi. IRS ilijaribu kuwawekea mtihani wa lazima, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Washington ilikubali katika kesi ya Loving kwamba haikuwa na mamlaka hayo. Kinachotakiwa kwa kila anayelipwa ni namba ya PTIN, ambayo ni usajili tu. Majimbo machache yana masharti yao: Oregon hutaka leseni, na California hutaka mafunzo, usajili na dhamana ya dola 5,000. Upo pia mpango wa hiari wa mafunzo ya kila mwaka ulioanzishwa na IRS baada ya kesi hiyo, na aliyeukamilisha huonekana katika orodha ya watayarishaji iliyoko kwenye tovuti ya IRS. Kumuuliza mtu kama yumo humo si kumvunjia heshima.

Uwajibikaji. Sheria inamdai mengi kuliko wateja wanavyojua. Lazima asaini, aandike PTIN yake, akupe nakala kabla au wakati wa kukuletea usaini, na ahifadhi nakala au orodha ya ritani alizozitayarisha kwa miaka 3. Anaweza kuziamini taarifa unazompa bila kudai ushahidi wa kila moja, lakini zikionekana kuwa na walakini hana ruhusa ya kunyamaza. Hana budi kuuliza. Kwa nafuu ya kodi ya kipato cha kazi, nafuu ya watoto, nafuu ya masomo ya chuo na hadhi ya mkuu wa kaya, hutakiwa kufanya uchunguzi wa dhati na kujaza Fomu 8867, na akipuuza hutozwa zaidi ya dola 600 kwa kila kosa. Kwa hiyo anapokuuliza mtoto alilala kwako miezi mingapi, anatimiza wajibu wake, na asiyekuuliza ndiye wa kutiliwa shaka. Akiandika msimamo usio na msingi hutozwa dola 1,000 au nusu ya ada aliyopata, kubwa kati ya hizo. Akifanya kwa makusudi au kwa kutojali, dola 5,000 au asilimia 75 ya ada hiyo. Hana ruhusa ya kuingiza hundi yako ya marejesho katika akaunti yake.

Tatizo ni kwamba adhabu ya kutosaini ni makumi ya dola tu kwa ritani moja, na hapo ndipo mtayarishaji kivuli anapopatia mwanya. Wakati mmoja nilimsaidia mzee mmoja kusoma ritani yake ya mwaka uliokuwa umepita, ambayo hakuwahi kupewa nakala hadi tulipoiomba. Mahali pa mtayarishaji palikuwa na maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba ritani imetayarishwa na mwenyewe, ilhali alimlipa mtu fedha taslimu. Mama yake, ambaye hajawahi kukanyaga Marekani, alikuwa ameorodheshwa kama mtegemezi. Sehemu ya marejesho ilikuwa imegawiwa akaunti ya pili, na tarakimu zake mzee hakuzitambua. Simu ya yule mtu haikupokewa tena. Aliyetakiwa kurudisha fedha, riba na adhabu alikuwa mzee, kwa sababu saini ilikuwa yake.

Kuhusu mama huyo sheria iko wazi: mtegemezi lazima awe raia au mkaazi wa Marekani, au mkaazi wa Kanada au Meksiko, isipokuwa hali chache za mtoto aliyeasiliwa. Mzazi anayeishi Moshi au Mombasa hafai kuandikwa, hata kama wewe ndiye unayemlisha na kumtibu.

Barua ikija. Asiye na leseni na asiyeshiriki mpango wa hiari hawezi kukuwakilisha. Aliyeshiriki anaweza, kwa ritani aliyoisaini mwenyewe, katika ukaguzi wa awali tu. Rufaa na ukusanyaji wa madeni haviko mikononi mwake.

Gharama. Hutofautiana sana. Uliza ada kwa maandishi mapema, na ukimbie inayokokotolewa kwa asilimia ya marejesho, kwa maana humpa sababu ya kuyatunisha.

Mambo ya nyumbani. Yategemea mtu. Kuna swali moja ninalolipenda kwa mwenye nyumba ya kupangisha kwao: thamani ya jengo hupunguzwa, yaani uchakavu wake hukatwa katika mapato, kwa miaka mingapi? Nyumba ya makazi iliyoko Marekani ni miaka 27.5, iliyoko nje ni 30 kama ilianza kupangishwa tangu 2018, na 40 kama ilianza kabla. Atakayejibu 27.5 bila kuuliza nyumba iko wapi hajawahi kuifanya kazi hiyo.

Anayefaa. Mwenye ritani ya wastani, kwa mfano dereva wa kujitegemea mwenye fomu za 1099, anayehitaji kuelezwa kwa lugha yake, na ambaye amemthibitisha mtu huyo kwa PTIN, saini na anwani inayopatikana mwaka mzima.

Njia ya nne: EA, CPA au mwanasheria wa kodi

Ujuzi. EA ni wakala aliyesajiliwa na IRS. Wengi wao wamefaulu mtihani wa sehemu tatu unaohusu kodi pekee, na hutakiwa kusoma saa 72 kila miaka 3. CPA ni mhasibu mwenye leseni ya jimbo, ila uhasibu ni mpana, na wapo CPA wasiogusa ritani za watu binafsi. Mwanasheria naye huweza kuwa bingwa wa ardhi au wa uhamiaji asiyejua kodi. Jina la leseni peke yake, basi, halitoshi.

Uwajibikaji. Pamoja na masharti yote ya njia ya tatu, hawa wako chini ya kanuni za maadili za Wizara ya Fedha, na wanaweza kusimamishwa au kufutiwa haki ya kufanya kazi mbele ya IRS. Wana cha kupoteza.

Barua ikija. Hapa ndipo wanapowazidi wengine wote. Ukisaini Fomu 2848, ya kumpa mamlaka ya kukuwakilisha, anaweza kuzungumza, kujibu na kukata rufaa kwa niaba yako katika ngazi zote za IRS, hata kama ritani ilijazwa na mtu mwingine. Ikiwa kuna hofu ya kosa la jinai, anza na mwanasheria, kwa sababu usiri wa mazungumzo na EA au CPA hauhusu mashauri ya jinai.

Gharama. Kwa kawaida ni kubwa kuliko njia nyingine, na kwa ritani ya W-2 moja sioni sababu ya kuilipa.

Mambo ya nyumbani. Wenye uzoefu wa mapato ya nje hujua kuoanisha kodi uliyolipa kwenu na Fomu 1116 (ya kudai nafuu ya kodi iliyolipwa nje), na kutofautisha FBAR na Fomu 8938 (ya mali za kifedha za nje, inayoambatana na ritani). FBAR hudaiwa jumla ya akaunti zote za nje ikizidi dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, hata kwa siku moja. Mwaka 2023 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Bittner kwamba adhabu ya kutowasilisha bila kukusudia, ambayo kiwango chake cha juu kilianzia dola 10,000, huhesabiwa kwa ripoti ya mwaka na si kwa kila akaunti. Ni nafuu kubwa, lakini bado ni fedha nyingi.

Anayefaa. Mwenye nyumba au biashara katika nchi mbili, aliyepokea barua ya ukaguzi, au ambaye hajawasilisha kwa miaka kadhaa.

Uchague kwa hali gani

Kama umefika Marekani katikati ya mwaka, amua kwanza kama ulikuwa mkaazi au si mkaazi kwa sheria za kodi, kwani asiye mkaazi hutumia Fomu 1040-NR, na programu nyingi za kawaida haziishughulikii. Vituo vya VITA vya vyuo vikuu mara nyingi huwa na watu waliofunzwa kwa wanafunzi wa kigeni, anzia huko.

Kama una mshahara tu na huna kitu nje, jaza mwenyewe au nenda VITA. Kama kazi yako ni ya kujitegemea na faida imefika dola 400, ritani ni lazima hata kama kipato ni kidogo. Mtayarishaji mzuri wa njia ya tatu hutosha, mradi uende na kumbukumbu za matumizi zilizopangwa wala si makisio.

Kama nyumbani kuna kodi ya pango inayoingia au akaunti iliyopita dola 10,000, ningekushauri mwaka wa kwanza umlipe EA mwenye uzoefu huo, akuwekee msingi, kisha miaka inayofuata uamue kama unaweza kuendelea mwenyewe kwa kuifuata ritani hiyo.

Njia yoyote utakayoichukua, usisaini fomu tupu, na usiruhusu mtu akubonyezee Fomu 8879, idhini ya kuwasilisha ritani kwa mtandao, kwenye kishikwambi kabla hujaona kurasa zote mbili za 1040, majina ya wategemezi na namba ya akaunti ya benki. Tunza nakala na risiti kwa miaka 3 angalau, na zaidi kama kuna mapato ambayo huenda hayakuandikwa, kwa kuwa IRS huwa na miaka 6 pale ambapo zaidi ya robo ya mapato imeachwa, na haina kikomo panapokuwa na udanganyifu. Hata udanganyifu wa mtayarishaji peke yake Mahakama ya Kodi iliuhesabu hivyo mwaka 2007, ingawa mahakama moja ya rufaa ilitofautiana nayo 2015.

Na kama tayari umejaziwa na mtu ambaye hakusaini, usisubiri barua. Omba nakala ya kumbukumbu zako kupitia akaunti yako ya IRS mtandaoni, linganisha kila mstari na karatasi zako, uombe namba ya siri ya utambulisho yenye tarakimu sita ili asiweze kuwasilisha tena kwa jina lako, kisha umwone EA au kituo cha VITA kuhusu marekebisho ya Fomu 1040-X. Malalamiko dhidi ya mtayarishaji huandikwa kwa Fomu 14157, na kama alibadilisha ritani au akaunti ya benki bila idhini yako, huambatanishwa na Fomu 14157-A.